Uji wa mgonjwa umezidi maji

Saa ya kuona wagonjwa ikifika, vinavyoingia wodini ni vilevile kila siku: juisi za boksi, soda, na chupa ya chai iliyojaa uji mwepesi. Vimeletwa kwa upendo na mgonjwa anavinywa. Baada ya wiki tatu suruali inafungwa kwa kamba, na ndugu wanaulizana mbona anapungua wakati kunywa anakunywa. Hali ni hiyohiyo nyumbani kwa bibi aliyepoteza meno, kwa anayemeza dawa za kifua kikuu, kwa aliyetoka kwenye upasuaji. Inaniuma, kwa sababu dawa ya jambo hili haina gharama kubwa na watu wa Songea wanaijua tangu zamani.

Tuanze na hesabu ya kikombe. Gramu 50 za unga kwenye lita 1 ya maji, ndicho kipimo cha uji mwepesi wa nyumba nyingi, zinatoa kama kilokalori 180 (kilokalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula) kwa sufuria nzima. Kikombe cha mililita 250 kinabaki na 45. Weka kijiko cha chakula cha sukari, unafika 90 na kitu. Sasa angalia F-100, maziwa maalumu wanayopewa hospitalini watoto wenye utapiamlo mkali wakifika hatua ya kurudisha uzito: kilokalori 100 kwa kila mililita 100, yaani 250 kwa kikombe hichohicho. Mgonjwa asiye na hamu anashiba kwa kikombe kimoja. Nafasi ndogo namna hiyo tumboni mwake sisi tunaijaza maji.

Mtu atasema basi tuongeze unga. Ukiongeza, wanga unavimba, uji unakuwa mzito wa kulika kwa kijiko, na mwenye vidonda mdomoni au mzee aliyechoka hawezi kuumeza. Anayepika anauona umekaza, anaongeza maji, tumerudi palepale. Kinachoukata mzunguko huo ni kimea, yaani unga wa nafaka iliyochipuzwa ikakaushwa.

Wapika pombe wanakijua kimea kuliko sisi wote. Nafaka ikichipua hutengeneza kimeng'enya kinachokata wanga vipande vifupi, na wanga uliokatwa haushiki tena maji kwa nguvu. Uji unaokaza mwiko ukitiwa kijiko kidogo cha kimea unalegea ndani ya dakika chache hadi unanyweka, na nguvu yake yote imebaki ndani. Togwa inatengenezwa hivyohivyo: uji mzito uliopoa kiasi, kimea cha ulezi, kisha unaachwa uchachuke. Uchachu wake pia huzuia vijidudu vingi vya kuharisha visizaliane. Tumeiacha togwa ikawa kinywaji cha sherehe, na mgonjwa tukampa juisi ya boksi.

Kimea chenyewe kinatengenezwa hivi. Chukua kilo 1 ya ulezi (Kenya wanauita wimbi), peta, toa mawe, osha mpaka maji yawe meupe. Loweka usiku kucha, saa 12 hivi. Mwaga maji, tandaza kwenye kitambaa safi chenye unyevu, funika, weka kivulini. Nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku 2 au 3, mpaka vichipukizi vifike kama sentimita 1. Anika juani hadi vikauke vya kuvunjika, fikicha, peta vichipukizi vitoke, saga. Ukiona ukungu au ukinusa harufu ya uvundo, mwaga vyote. Mtama pia hutoa kimea, lakini vichipukizi vyake vina kemikali inayozalisha sayanidi, ambayo ni sumu, kwa hiyo kama huna uhakika wa kuvitoa vyote, baki na ulezi. Na tafadhali usikikaange ili kinukie. Moto wa kikaango unaua kimeng'enya, unabaki na unga wa kawaida, halafu utasema kimea hakifanyi kazi.

Upishi wa sufuria moja, vikombe viwili na nusu hivi: gramu 100 za unga wa dona au ulezi, maji mililita 300, maziwa freshi mililita 300. Koroga unga na sehemu ya maji baridi, mimina kwenye maji na maziwa yanayochemka, pika dakika 10 hadi 15 ukikoroga, kwa sababu maziwa hushika chini. Utakuwa mzito sana, usiogope. Epua. Subiri upoe hadi uweze kuonja tone bila kuunguza ulimi, hapo ni kati ya nyuzi 50 na 60. Tia kijiko cha chai kimoja au viwili vya kimea, koroga, acha dakika 10. Ukitia uji ukiwa unatokota kimeng'enya kinakufa na uji haulegei. Ukisubiri ukapoa kabisa kinafanya kazi kwa uvivu mno. Ukishalegea, rudisha motoni uchemke dakika 5. Hatua hii watu wanairuka, na ni hatari kuiruka, maana nafaka iliyokaa siku tatu na unyevu ina vijidudu vingi. Mwisho tia vijiko 2 vya chakula vya karanga za kusaga, kijiko 1 cha mafuta ya kula, na vijiko 2 vya sukari.

Jumlisha: unga 355, maziwa 195, karanga 190, mafuta 120, sukari 100. Ni kilokalori 960 hivi, na protini gramu 25 au zaidi kidogo. Kikombe cha mililita 250 kinakaribia kilokalori 360, sawa na vikombe vinane vya ule uji mwepesi usio na sukari. Vikombe viwili kwa siku, juu ya chakula anachokula, ni nyongeza ya 700. Mpe kidogo kidogo, nusu kikombe kila baada ya saa mbili, na baada ya chakula, kabla ya chakula utamfungia tumbo. Kwenye chupa ya chai usiulaze. Uji wenye maziwa ukishakuwa vuguvugu ni mahali pazuri pa vijidudu kuzaliana, kwa hiyo pika nusu ya kipimo kwa mara moja, na ndani ya saa nne uwe umekwisha.

Kuna kitu kingine kinachonikera: unga wa lishe wa mchanganyiko wa vitu kumi na zaidi. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, uwele, soya, karanga, mbegu za maboga, dagaa, vyote vimesagwa pamoja, na kadiri orodha inavyorefuka ndivyo bei inavyopanda. Nafaka tano hazina nguvu kuliko nafaka moja, zote ni wanga uleule. Soya mbichi ina vizuizi vinavyomzuia mtu kumeng'enya protini na vinachafua tumbo. Inatakiwa iingie kwenye maji yanayochemka, ichemke dakika 20 hadi 30, ikobolewe, ikaushwe, ndipo isagwe, na uji wa haraka wa asubuhi haulipi deni hilo. Karanga zikisagwa na nafaka, mafuta yake yanakutana na hewa na unga unachacha baada ya wiki chache. Zaidi ya hapo, punje moja yenye sumukuvu (sumu inayotengenezwa na ukungu) ikishasagwa huioni tena. Sumukuvu haifi kwa kupika. Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125, na Tanzania mwaka 2016 yaliua watu Dodoma na Manyara. Saga nafaka peke yake. Karanga nunua nzima, chambua zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, saga za wiki moja tu, utie kwenye sufuria uji ukiwa tayari.

Ninakubali kwamba mchanganyiko unaotengenezwa na mtu makini, aliyeichemsha soya na kuchambua karanga, unasaidia. Hata maziwa ya kopo ya wagonjwa yanayouzwa famasi yana kazi yake, hasa kwa anayelishwa kwa mpira, na kwa kusafiri nayo hakuna rahisi zaidi. Ila familia inayouza kuku ili inunue kopo moja la siku chache ingeambiwa habari ya kimea kwanza.

Siku hakuna muda wa kupika, blenda inatosha: nusu parachichi kubwa (gramu 100 za nyama yake), ndizi mbivu moja, kikombe cha maziwa yaliyochemshwa na kupozwa. Hapo una kilokalori 400. Kamulia ndimu na anywe mara moja, kwani likikaa linageuka rangi na kuwa chungu. Anayeharisha kwa maziwa freshi mara nyingi anaweza mtindi. Vijiko 3 vya chakula vya maziwa ya unga yenye mafuta yote ndani ya kikombe cha maziwa vinaongeza kama 120, lakini soma pakiti vizuri, kwa sababu kuna unga wa kutia kwenye chai ambao si maziwa. Supu ya mifupa inatia hamu na chumvi, nguvu imebaki kwenye nyama, hivyo isage nyama uirudishe ndani. Juisi ya boksi na soda ni sukari bila protini.

Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo apangiwe vipimo na mtaalamu wa lishe. Mtoto mwenye utapiamlo mkali apelekwe kituo cha afya, mwili uliofika hapo unaweza kudhuriwa na chakula kizito cha ghafla. Na mtu mzima anayekonda bila sababu, akiwa na kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni au jasho la usiku, apimwe kifua kikuu kabla hamjawasha jiko. Mpime uzito kila wiki, mizani ileile, asubuhi, nguo nyepesi, uandike kwenye daftari pamoja na idadi ya vikombe. Wiki mbili zikipita na uzito bado unashuka, rudini kliniki na daftari hilo mkononi.