Mbona chinchila mmemdharau hivyo?

Makala yenu inayowalinganisha wanyama wawili wa milima ya Andes, Amerika Kusini, inampa puma (paka mkubwa wa porini) ushindi wa chee dhidi ya chinchila (mnyama mdogo wa jamii ya panya), eti dume lake hufika kilo 100 na chinchila hafiki hata kilo moja. Haya, kwa mizani tu mmeshinda. Ila hapo Andes uzito si kila kitu. Kitundu kimoja cha ngozi ya chinchila huotesha nywele zaidi ya 50, laini kama moshi. Adui akimdaka anaachia fungu zima la manyoya. Adui anabaki anatema nywele, chinchila keshazama kwenye ufa wa mwamba. Puma ana ujanja gani kama huo? Hata kunguruma kama simba hawezi (anakoroma kama paka wa nyumbani, mtanisamehe mashabiki wake).

Halafu mmemsahau mwindaji mkubwa kuliko puma: binadamu. Manyoya hayohayo ndiyo yaliyomponza chinchila. Koti moja lilikula ngozi zaidi ya 100, mpaka mwaka 1910 Chile, Argentina, Bolivia na Peru zikawekeana mkataba wa kumlinda. Leo bado yuko hatarini kutoweka, huku puma anatamba toka Kanada hadi kusini mwa Chile.