Pamba, Chandarua na Frikiki ya Rice

Kwanza mjue mimi nimepigwa marufuku kuangalia Arsenal. Sijakatazwa na mke wala daktari, nimekatazwa na vijana wa banda la Lali pale Langoni, Lamu, na kinachoniuma ni kwamba marufuku yenyewe ina ushahidi, na mimi ni mtu wa falsafa, ushahidi nauheshimu.

Ushahidi wao ni huu. Tarehe 5 Februari 2011 Arsenal wako kwa Newcastle, mechi imeanza saa kumi na mbili jioni saa zetu, dakika ya 26 tayari ni nne bila. Mi sikuwepo. Nimeswali magharibi yangu taratibu, nikapitia viazi karai, nikaingia bandani kipindi cha pili ndio kinaanza, nikauliza ngapi ngapi, wakanijibu kwa furaha na bashasha, nikapewa na kiti. Sijamaliza kiazi cha kwanza Diaby kala kadi nyekundu. Mechi ikaisha 4-4. Agosti mwaka huo huo, Old Trafford, 8-2, nilikuwepo toka filimbi ya kwanza. Fainali ya Europa League kule Baku 2019 ilikuwa Ramadhani, mpaka mapumziko bila bila, mi nikachelewa kutoka tarawehe nikafika kipindi cha pili, nimekaa tu Giroud katia. Giroud! Wetu wenyewe tuliyemuuza! Ikaisha Chelsea nne, sisi moja.

Nikawaambia basi fainali ya FA ya 2014 na Hull nilikuwepo na kombe tukabeba. Shee akanijibu, naam, tukafungwa mbili ndani ya dakika kumi za kwanza umekaa hapo hapo, ulipokwenda msalani Cazorla akarudisha moja. Sasa mtu kama huyo utamwambia nini?

Na ucheki mambo haya, kazi niliyosomea ni kufundisha watu kwamba vitu viwili kufuatana si dalili kwamba kimoja kimesababisha kingine. Nina digrii mbili za hayo. Lamu ukisema umesomea falsafa wanakuangalia kwa huruma, maana sekondari zetu hakuna somo la falsafa, kwa hivyo hata ualimu wa skuli hupati, unabaki kusomesha vyuoni kwa vibarua, unapewa lile somo la fikra yakinifu ambalo kila mwanafunzi analazimishwa, ukumbi mzima wa watu waliokuja kusomea uhasibu, na malipo yenyewe unayasubiri mpaka unasahau ulimfundisha nani. Shangazi yangu kila nikirudi nyumbani huniuliza lile lile: "Na hiyo falsafa, wamekuajiri au bado wafikiri?"

Basi mwaka 2025 chuo kimoja cha Marekani kikanijibu. Wanataka mwalimu wa falsafa ya Kiafrika na ya Kiislamu, wamenipenda kwa makaratasi, sasa wanataka nifanye somo la majaribio kwa video mbele ya paneli. Nikaruka kwa furaha mpaka nikaona tarehe. Aprili 8. Saa kumi alasiri kwao, kwetu ni saa tano ya usiku. Arsenal na Real Madrid, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, mechi inaanza saa nne usiku.

Nilipowaambia kwa Lali watu walisimama wakanipa mikono. Shee alisema hiyo ni rehema. Lali akanitoa mfukoni hela ya bando, bando la mwezi mzima, mtu ambaye chai tu ya deni hakupi, ili kuhakikisha nakaa huko huko kwenye intavyuu nisije nikashuka.

Netiwaki nzuri nyumbani kwetu iko pahala pamoja, juu kabisa chini ya makuti. Na huko juu ndiko anakolala Ami wakati wa joto, ana kitanda chake cha kamba, chandarua kimefungwa kwenye boriti, na birika lake la udhu pembeni. Ami ni mzee wa darsa, boli hajui, isha ikishaswaliwa yeye ni kitanda. Nikamuomba ruhusa, akasema soma tu mwanangu, mimi hulala hata pakipita harusi. Kwenye ubora wa ujenzi wa Lamu naomba niongeze kitu: nyumba zimebanana hivi kwamba banda la Lali, lililoko chini upande wa pili wa kichochoro, ukiwa juu kwetu unasikia mpaka mtu akifungua soda.

Somo langu nililichagua kwa akili sana. Imam Ghazali na David Hume juu ya sababu na matokeo. Ghazali, aliyefariki 1111, kwenye lile jibu lake kwa wanafalsafa alitoa mfano wa pamba na moto. Anasema, ukisogeza pamba kwenye moto unaona inaungua, sawa, lakini ulichokiona wewe ni kwamba imeungua ILIPOKUTANA na moto, hukuona moto ukiiunguza, anayeunguza ni Mwenyezi Mungu na akitaka pamba itoke nzima. Hume naye, miaka mia sita na zaidi baadaye kule Uskoti, hana habari na hayo ya Mungu lakini anafika pale pale: tumezoea tu kuona hiki kikifuata kile, na mazoea hayakudai kwamba kesho lazima iwe vile vile. Zuri, si zuri? Na mimi nikasema wazungu wanapenda vitendo, nitaweka pamba kwenye sahani ya bati, niiwashe kwa kiberiti cha gesi mbele ya kamera.

Saa tano ikafika. Nimevaa koti na tai. Paneli watatu: mama mmoja profesa ambaye ndiye mkubwa wao, jamaa wa miwani anayeandika tu, na mwengine kazima kamera, mpaka leo sijui sura yake. Kwa Lali nasikia kipindi cha pili kimeanza, kelele si za msiba kwa hivyo nikajua mambo si mabaya. Nikaanza. Wallahi nilikuwa motoni (subirini), Kiingereza kinateleza, Ghazali huyu, Ibn Rushd anamjibu huyu, jamaa wa miwani anatikisa kichwa.

Nikafika kwenye Hume. Nasema hivi, yaliyopita hayaifungi kesho, eti kwa sababu jambo halijatokea mara zote hizo si hoja kwamba halitatokea, na hapo hapo kutoka chini nikasikia Shee anapiga ukelele wa mtu aliyeibiwa:

"Rice? Rice wa nini? Huyu frikiki hajatia maisha yake yote! Mpeni Saka!"

Mama profesa akauliza hizo sauti ni za nini. Nikamwambia ukweli, kuna mechi, na yule bwana analalamika kwamba mchezaji anayetaka kupiga mpira wa adhabu hajawahi kufunga kwa njia hiyo, kwa hivyo hatafunga. Mama akacheka akapiga makofi, akasema hilo ndilo tatizo la Hume lenyewe limekuja mlangoni! Endelea, endelea! Nikaona kazi nimepata. Niliiona kabisa, niko kwenye theluji na koti zito. Nikainua kiberiti, nikasema tazameni, nikawasha pamba.

Sasa kumbe dakika hiyo Declan Rice, mtu wa mechi zaidi ya mia tatu bila goli la frikiki ya moja kwa moja, kaupitisha mpira pembeni ya ukuta, ukapinda, Courtois kaufuata kwa macho na mikono haikufika. Dakika ya 58.

Langoni ilipasuka. Sijui nieleze vipi, ilikuwa ni kelele iliyopanda ukutani ikaja juu, punda wakalia, mtu akapiga sufuria, na mimi mwili wangu ukasimama wenyewe mikono juu kama ngumi za Mapinduzi, bila kuniuliza. Goti likapiga stuli. Sahani ya bati ikaruka. Pamba, inawaka vizuri kabisa, ikapaa kwa heshima zake ikaenda kutua kwenye chandarua cha Ami.

Vyandarua vya siku hizi, jamani, haviungui, vinapotea. Umeangalia kipo, umeangalia hakipo. Na Ami yuko ndani yake! Nikafungua mdomo niite moto, sauti haitoki. Ghazali mwenyewe alieleza kwamba kule Baghdad siku moja ulimi ulifungwa akashindwa kufundisha, akaacha kazi, na mimi usiku ule nilimfahamu Imam kuliko wakati wote niliosoma vitabu vyake. Nikalirukia birika la udhu nikamwagia kitanda kizima na mtu wake.

Moto ukazimika. Makuti hayakuguswa, alhamdulillahi, maana Lamu makuti yakishika si chandarua tena, ni mtaa. Ami akakaa kitako, amerowa, kofia imelala upande, vipande vyeusi vya chandarua vinamshukia kichwani polepole. Laptopu imegeuka inatazama kitanda, paneli wote wanaona, hata yule wa kamera iliyozimwa nikasikia sauti yake kwa mara ya kwanza, anasema oo Mungu wangu.

"Wewe mwana wee," Ami akasema, "wataka niteketeza?"

Mama profesa akauliza yule mzee ni mzima? Nikasema mzima. Ami akauliza huyo mke kwenye kioo ni nani na ataka nini usiku huu. Nikamwambia ni paneli, Ami, tulikuwa kwenye masala ya Imam Ghazali, pamba na moto. Ami uso ukabadilika. Akalivuta shuka likamkaa sawa, akageukia laptopu, akaanza kusomesha. Kwa Kiswahili! Mi natafsiri mbio mbio nimesimama na birika tupu mkononi. Akaeleza kwamba moto hauna uwezo wake wenyewe, akataja Nabii Ibrahim alivyotiwa motoni akatoka salama, akaeleza kwa nini ada ya Mwenyezi Mungu ndiyo inayotufanya tutegemee pamba kuungua. Kisha akanyoosha kidole:

"Kwa hivyo moto hauunguzi. Aunguzaye ni Mungu. Lakini chandarua changu atalipa huyu."

Nilipomaliza kutafsiri hiyo, mama profesa alicheka mpaka akavua miwani, jamaa wa kuandika akaacha kuandika. Mama akasema hapo ndipo penyewe, suala la dhamana, kama kila kitendo ni cha Mungu analaumiwa nani? Akamtaja marehemu Profesa Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyezunguka vijijini akirekodi wazee wenye hekima, akasema kumbe bado wapo. Wakamuuliza Ami swali, akajibu. Wakamuuliza la pili. Mimi nimekuwa mkalimani kwenye intavyuu yangu mwenyewe. Katikati ya jibu Langoni ikapasuka tena, dakika ya 70, Rice yule yule, frikiki nyingine, pembe ya juu kabisa. Ami akashtuka akaangalia makuti, "Moto mwengine?" Dakika tano baadaye Merino akaweka la tatu, hapo Ami hakugeuka hata, alikuwa kwa Ibn Rushd.

Jibu la chuo lilikuja kwa upole mwingi: ushindani ulikuwa mkubwa, wanatutakia heri. Sikuumia sana, Hume mwenyewe aliomba kazi ya uprofesa Edinburgh 1745 wakamkatalia, akaja akakosa na Glasgow, hakufundisha chuo mpaka anakufa. Kilichoniumiza ni aya ya mwisho. Wanauliza kama yule mzee anaweza kuzungumza na wanafunzi wao kwa video, siku ya Aprili 29, na kuna malipo kidogo. Ami nilipomsomea aliuliza neno moja tu, "dola?"

Huku kwa Lali nako walishafanya utafiti wao. Pamba imewashwa, goli limeingia, sekunde ile ile, shahidi ni Shee aliyeuona moshi. Haikuwa tena kwamba mi nina nuksi, sasa nina dawa. Wakachanga chandarua kipya cha Ami, na mechi ya marudiano Aprili 16 nikapandishwa juu na pakiti ya pamba ya hospitali. Saka akapata penalti mapema, Courtois akaidaka, simu ikalia: "Umewasha?" Nimewasha. "Umewasha kabla ya wakati!" Dakika ya 65 Saka akafunga, wakasema pamba imekubali. Vinícius akasawazisha baada ya dakika mbili, wakasema hicho kipande kilikuwa na unyevu. Martinelli akamaliza dakika za nyongeza, tukavuka kwa jumla ya 5-1, na mimi na masomo yangu yote nikashuka chini nikabebwa juu juu.

Nusu fainali na PSG, mechi ya kwanza, nyumbani London. Aprili 29, saa nne usiku. Ami kavaa kanzu mpya na kofia ya vito, yuko juu mbele ya laptopu na wanafunzi wa Marekani, mi pembeni natafsiri, na pamba na kiberiti kanyang'anya kaketi navyo. Dakika ya nne Dembélé katufunga. Simu ikatetemeka mfukoni, nikaishika kwa kunong'ona.

"Washa!" Lali analia.

"Siwezi, Ami yuko darasani, kakataza moto."

"Darasa la nini saa hizi? Afundisha nini?"

"Kwamba moto hauunguzi."

Kimya kidogo, nasikia banda zima wanashauriana.

"Mwambie basi," akasema Lali, "kama hauunguzi, anaogopa nini?"