Mtoto aende saiti kabla ya kukaririshwa kanuni

Juzi mpwa wangu wa darasa la saba kaninukulia kanuni ya Pythagoras ya pembetatu yenye pembe mraba (nyuzi 90) bila kukosea hata neno, mraba wa upande mrefu ni sawa na jumla ya miraba ya pande mbili fupi, safi kabisa. Nikamuuliza sa hiyo kanuni ni ya nini? "Ya mtihani, anko."

Simlaumu, maana hata mimi niliyesoma mpaka chuo iliniumbua. Nilikuwa najenga vyumba viwili Kibaha, fundi kapiga vigingi na kamba, mimi nikajifanya mkaguzi nikapima pande zote nne: 8, 6, 8, 6. Nikasema mstatili huo, chimba. Fundi akacheka, "Bosi, hata kitanda cha kamba kikilegea mbao zake zinabaki na urefu uleule, ila kimelala upande." Akapima kona kwa kona, huku mita 9.80, huku 10.20. Kumbe nilikuwa nimepitisha msambamba, mstatili uliolala upande! Yani ningejenga hivo, siku ya kuweka tailizi ndo ningeona mstari wa pembeni unaanza mpana unaishia mwembamba kama kabari.

Alivyorekebisha sasa. Kutoka kigingi cha kona akapima mita 3 upande huu akaweka alama, mita 4 upande ule alama, afu akaisogeza kamba taratibu mpaka kati ya alama na alama ikasoma 5 kamili, hapo pembe mraba imepatikana. Akasawazisha zilizobaki, kona kwa kona ikaja 10 na 10. Ndo kanuni ileile, 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25 ambayo ni 5 mara 5, na watu wa Babeli waliijua miaka zaidi ya 1000 kabla Pythagoras hajazaliwa, fundi wangu nae anaijua na jina hilo hajawahi kulisikia.

Mi naona shuleni tunaanzia mwisho. Mwalimu anachora pembetatu, pembe mraba kila siku iko chini kushoto, siku ukimgeuzia mtoto karatasi anakwambia hii siyo yenyewe. Kipimapembe nacho kina safu mbili za namba, mtoto anasoma 120 kwenye pembe ya 60 na anaandika bila wasiwasi, kwasababu hamna aliyemwambia kwanza tazama kwa macho, hii ni pembe kali au butu? Kali haiwezi kuzidi 90, basi. Afu akifika fomu wani pembetatu imegeuka trayango, hata kile kidogo alichokariri anaanza upya kwa lugha nyingine.

Jumamosi nikachukua kamba na misumari nikamwita uani. Mara ya kwanza tulifeli, kamba yenyewe ya manila inavutika, kila akiivuta namba inabadilika, ikabidi tutumie tepu. Mara ya pili akapata pembe yake, akaenda kuhakikisha na kona ya daftari, akarudi anataka kupima kila kitu. Tukapima fremu ya mlango wa jikoni kona kwa kona, imepishana sentimita 2, na mlango ule unakwaruza sakafu tangu tuhamie.