Siku Niliyofunga kwa Makalio

Refa aliyepangiwa mechi ya watoto wetu Jumamosi hakutokea. Kocha alipiga simu, akapiga tena, kisha akaanza kupitisha macho kwa wazazi tuliosimama kando ya mstari. Yalipofika kwangu yakagota. Nilishajua kinachokuja. Niliwahi kuhudhuria kozi ya awali ya waamuzi, na tangu siku hiyo sijamficha mtu yeyote habari hizo.

"Baba Kumi na Nne," akaniita. Kwenye klabu za watoto wazazi hatuna majina, tunaitwa kwa jezi za wanetu. "Wewe si una cheti?"

"Ninacho, kocha, lakini mwanangu anacheza humu."

Akamwita kocha wa wapinzani aje aamue kama kuna pingamizi. Yule bwana alinipima kuanzia kichwani, akafika tumboni, akaishia hapo. "Hana neno huyu," akasema. Kipenga kikachimbwa kutoka chini kabisa ya begi la mipira, kikiwa na unyevu ambao sikuuliza ni wa nani.

Wanaodhani kuchezesha watoto wa chini ya miaka 11 ni kazi ndogo hawajawahi kukabidhiwa kipenga. Ligi yao inafuata kanuni za wakubwa, ila uwanja umepunguzwa, mpira ni namba nne na aliyebadilishwa anaruhusiwa kurudi. Kanuni za soka ziko 17. Nimezisoma zote, na hakuna hata moja inayoeleza refa afanye nini mchezaji akija kushtaki kwamba mwenzake amemtolea ulimi. Kuotea hakukunipa shida, kwa sababu ili uotee lazima kwanza uwe mbele ya mpira, na hawa walikuwa wanaufuata wote kwa pamoja kama nyuki waliochokozwa mzinga. Kipa wetu aliutumia muda wa mapumziko kuning'inia kwenye mtambaa panya, na kipindi cha pili kilipoanza akaendelea.

Kutoka nje nilikuwa nasomewa hukumu mfululizo. Mama Namba Saba alitaka kadi nyekundu kwa kila mtoto aliyemsogelea Namba Saba. Halafu kulikuwa na mzee mmoja, babu wa mtu fulani, ameketi kwenye kiti alichokuja nacho mwenyewe, anayejua mpira kuliko sisi sote na hana tabia ya kuficha.

Mwanangu, Namba Kumi na Nne, ni beki. Tangu ajiunge na klabu hajawahi kufunga goli. Ana kiki nzito ambayo hata yeye hajui itaelekea wapi, na kwa hiyo wenzake wameshajifunza kuinama akivuta mguu nyuma. Mimi ndiye sikuwa nimejifunza.

Mambo yenyewe yalitokea kipindi cha pili, tukiwa bila bila. Beki wa kushoto wa wapinzani, katoto kadogo kalikovaa njumu za kukulia, alikuwa amesimama hatua moja ndani ya eneo lao la penalti. Akanyoosha mguu. "Anko refa, kamba."

Nikaangalia mpira. Ulikuwa umezama katikati ya kundi, upande wa pili kabisa wa uwanja, na kwa hesabu zangu ungekaa huko muda mrefu. Mchezaji kucheza na kamba zinazoburuzika ni hatari. Nikainama.

Nikasikia "puu!" Nikasikia na mtu akipiga kelele "Refaaa!" Lakini tangu mechi ianze nilikuwa nimeitwa hivyo kwa sauti za kila aina, basi sikugeuka.

Mpira namba nne, kwa vipimo vya FIFA, hauzidi gramu 390. Wanaoandika vipimo hawajawahi kupigwa nao wakiwa wameinama. Ulinikuta barabara, pale pale ninapokalia, kwa sauti ambayo nimeambiwa ilisikika hadi maegesho ya magari. Nikaenda chini kifudifudi, kamba zikiwa bado mkononi, kwa hiyo na yule beki nikaenda naye. Mpira, ambao mashahidi wote wanakubali ulikuwa safarini kwenda kwenye kibendera cha kona, ulibadilisha mawazo. Ukapinda, ukampita kipa aliyekuwa ameshaanza kutembea kwenda kuufuata nje, ukagonga mlingoti kwa ndani, ukatulia wavuni.

Nikiwa bado nimelala nikapuliza kipenga.

Vijana wetu walipagawa. Walitereza kwa magoti, walirundikana, mmoja akavua jezi. Mwanangu alikimbia uwanja mzima mikono imetanda, akaja akanirukia mgongoni palepale chini. "Baba! Nimefunga! Baba!"

Nyinyi mnaosoma hili mmekaa vizuri, jiulizeni mngefanyaje.

Kwenye kozi mkufunzi wetu alikuwa anapenda kutusimulia habari za Ivan Robinson. Novemba 1968, daraja la tatu la ligi ya Uingereza, Barrow wanacheza na Plymouth Argyle. Shuti linapigwa, linaelekea nje, linamgonga mwamuzi Robinson mguuni, linaingia. Mechi ikaisha 1-0 na goli likahesabiwa, kwa sababu enzi hizo mwamuzi alihesabika sawa na mlingoti. Mpira ukimgonga, kazi inaendelea. Nikiwa nimelaliwa na mwanangu nilimwonea wivu sana Robinson. Maana kanuni hiyo ilibadilishwa 2019. Sasa mpira ukimgonga mwamuzi ukaingia golini moja kwa moja, hakuna goli, mchezo unaanza upya kwa refa kuudondosha mpira. Na kama ilikuwa ndani ya eneo la penalti, anadondoshewa kipa wa timu inayojilinda.

Nikasimama. Nikajipangusa. "Si goli," nikasema.

Kimya kilichofuata hakikudumu.

"Kwa nini?" akauliza mwanangu.

"Umenigonga mimi."

"Sasa si ndiyo umeingia!"

Hoja ilikuwa nzuri, sikuwa na jibu la kibaba, nilikuwa na la kirefa tu. Mama yake alikuwa ameshavuka mstari. Mama Namba Saba, ambaye hatujawahi kukubaliana jambo, alikuwa amemshika mkono wanakuja pamoja. Babu alinyanyuka kwenye kiti chake.

"Kijana, mpira ukigonga mlingoti ukaingia, ni goli au si goli?"

"Ni goli, babu."

"Na refa si mlingoti?"

"Alikuwa, babu. Mpaka 2019."

"Nani kabadilisha?"

Nikamweleza, kwa heshima zote, kwamba kanuni zinatungwa na bodi iitwayo IFAB, ipo tangu 1886. Vyama vya England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini vina kura moja moja, FIFA ina nne, na ili kanuni ibadilike lazima zipatikane kura sita kati ya nane. Nilidhani habari hizo zitamtuliza. Babu aliwageukia wazazi.

"Wanaosema goli, mikono juu!"

Kura sita zilitimia na kuvuka kwa mbali. Hadi kipa wetu, akiwa bado ananing'inia, aliachia mkono mmoja.

Nikaendelea na kazi. Mpira wa kudondosha unataka wachezaji wengine wote wakae mita nne. Kuwaweka watoto mita nne kutoka kwenye mpira kunachukua muda kuliko kipindi kizima, kwa sababu ukimrudisha wa kulia, wa kushoto ameshasogea. Hatimaye nikamwita kipa wao, nikamwambia mpira ni wako, ukigusa ardhi tu cheza. Nikaudondosha.

Yule mtoto alikuwa amechanganyikiwa na kelele. Nadhani pia zile kura zilimwingia. Akageuka, akaupiga kwa nguvu zake zote, kwenye goli lake mwenyewe.

Vijana wetu wakapagawa upya. Magoti, rundo, jezi. Wazazi wakakumbatiana. Babu akanionyesha kidole, kama kusema Mungu hamwachi mja wake.

Sasa, kwenye ile kozi kulikuwa na swali moja la mtego ambalo tulilicheka darasa zima, tukisema haliwezi kutokea duniani. Mpira wa kudondosha ukiingia golini kabla haujaguswa na angalau wachezaji wawili, unaamuaje? Jibu: si goli. Ukiingia goli la mpinzani, ni mpira wa goli. Ukiingia goli lako mwenyewe, ni kona.

Nikanyoosha mkono kuelekea kwenye kibendera cha kona. Mkono ulikuwa unatetemeka.

Yaliyosemwa hapo sitayaandika, kulikuwa na watoto na walikuwa miongoni mwa wasemaji. Kocha wetu, mtu mpole, alikaa chini kwenye nyasi na kufunika uso kwa ubao wake wa mbinu. Kocha wa wapinzani alikuwa ananitazama kwa mapenzi ya dhati.

Mwanangu aliuchukua mpira bila kunitazama, akaenda kupiga kona mwenyewe. Nikasogea nyuma, mbali kabisa, nimefumbata mikono mahali panapostahili kulindwa. Akavuta mguu. Wenzake wakainama. Mpira ukaruka chini chini ukikata kwenda nje ya uwanja upande wa pili, na ungetoka, lakini njiani ulimkuta yule beki mdogo wa njumu za kukulia. Alikuwa anataka kuukwepa. Kamba zake, ambazo sikuwahi kumaliza kuzifunga, zikamnasa, akajikwaa, mpira ukamgonga gotini, ukaingia.

Kila mtu akanigeukia. Hakuna aliyeshangilia. Hata magoti hayakuterezwa, watoto walikuwa wamesimama tu wananisubiri niseme kanuni.

Nikaitafuta kanuni. Nilizipitia zote 17 kichwani, na safari hii mpira wala haukuwa umenigusa. Hakukuwa na kitu. Nikapuliza, nikaonyesha kati.

Tukashinda 1-0, na mwanangu akabebwa juu kama mfungaji. Shida ilikuja kwenye fomu ya mechi, pale palipoandikwa "Mfungaji". Shuti lililokuwa linatoka nje, likamgonga beki likaingia, ni goli la kujifunga. Nikaandika jezi ya yule mdogo.

Mke wangu alikuwa anasoma juu ya bega langu. "Baba watoto," akasema taratibu, "mwanao umemnyima goli mbele za watu, la kipa ukalikataa, na hili nalo umemwandikia mtoto wa watu?"

Nilirudi nyumbani nimeketi upande mmoja, na si kwa sababu ya maumivu pekee. Kiti cha mbele alikuwa amepewa Namba Kumi na Nne.

Juzi klabu imepokea barua mbili kuhusu waamuzi wa mechi zijazo. Kocha wa wapinzani anaomba rasmi nirudi kuchezesha mechi ya marudiano. Kocha wetu, naye kwa maandishi, anaomba nipangiwe popote, siku yoyote, ila mechi hiyo niletwe kama mshika maji.