Kumkosoa profesa unayemwomba akusimamie

Wanaoomba nafasi za uzamivu ng'ambo hupewa ushauri ule ule: msifie profesa, taja makala zake mbili tatu, sema kazi yake imekuvutia mno, mambo ya kukosoa yaache mpaka umeshapokelewa. Ushauri huo una busara yake, nitaufikia. Ila umezaa barua zinazofanana kama sare za shule, na unamzuia mwombaji wa kwetu kuonyesha kitu ambacho wenzake wengi hawana.

Chukua M-Pesa. Desemba 2016 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Tavneet Suri wa MIT na William Jack wa Georgetown. Walilinganisha jinsi mawakala walivyoongezeka ndani ya kilomita 1 kutoka kwenye nyumba za watu kati ya 2008 na 2010, kisha wakaangalia hali ya kaya hizo mwaka 2014. Wakakadiria kwamba huduma hiyo imezitoa kaya 194,000, yaani asilimia 2 ya kaya za Kenya, katika umaskini uliokithiri, na kwamba wanawake 185,000 walihama kutoka kilimo kuingia kwenye biashara.

Takwimu hii ya pili ndiyo isiyoniacha. Mama anayeacha shamba akapanga nyanya na sukuma wiki pale stejini anahesabiwa. Sawa. Je, mama mboga wa meza ya pili, ambaye wateja wake sasa wamegawanyika? Na yule aliyefungua kibanda, mtaji ukaliwa na karo ya watoto, akafunga kabla mtafiti hajarudi? Tena kuanzia Novemba 2012 simu hiyo hiyo ilikuwa inakopesha kupitia M-Shwari. Aliyekulia karibu na soko la Kakamega hahitaji kusomea uchumi ili maswali haya yamjie. Mwaka 2019 Milford Bateman na wenzake wawili waliupinga utafiti huo katika Review of African Political Economy, na miongoni mwa hoja zao ni hizo hizo: biashara zinazokufa na madeni.

Sasa mwombaji anayeyajua haya anyamaze, aandike tu kwamba amevutiwa?

Wanaosema anyamaze hawakosi hoja. Bateman hakuwa akimwomba Suri nafasi wala ufadhili, mwombaji anaomba. Ujerumani na Uingereza mara nyingi unahitaji kwanza msimamizi akukubali, na hasira za mtu mmoja zinatosha kukufungia mlango. Katika idara nyingi za uchumi Marekani kamati ndiyo inayochagua, na msomaji mwenye rundo la maombi mbele yake anaweza kuona kiburi pale ulipokusudia udadisi. Isitoshe, mwombaji mara nyingi amesoma muhtasari tu. Suri na Jack wangeweza kumjibu kwamba yule mama mboga wa meza ya pili, kama kaya yake imo katika sampuli, hasara yake imeshaingia kwenye wastani. Aliyeandika kwamba “utafiti wenu umepuuza waliopata hasara” ameumbuka hapo hapo.

Lakini tazama kilichomuumbua. Ametoa hukumu juu ya takwimu ambazo hajaziona. Angeandika hivi: “Je, data zenu zinaonyesha waliofungua biashara baada ya 2010 na kuzifunga kabla ya 2014? Kama hazionyeshi, ningependa kuwafuatilia wafanyabiashara wa soko moja Kakamega, wanaodumu na wanaoacha.” Ukosoaji umo, tena mzito, ila umekuja na kazi ambayo yeye mwenyewe yuko tayari kuifanya. Profesa anayeusoma anajua mara moja kwamba makala imesomwa mpaka mwisho, jambo ambalo aya nzima ya sifa haiwezi kuthibitisha. Sentensi hizo zikae katikati ya barua, baada ya kueleza unachokichukua kutoka kwenye kazi yake, wala zisizidi hoja moja.

Wapo watakaonuna hata hivyo. Uzamivu wa uchumi Marekani huchukua miaka 5 au zaidi, na mwanafunzi atatakiwa kumpelekea mtu huyo huyo matokeo asiyoyapenda. Heri anune sasa, wakati mwombaji bado ana majina mengine kwenye orodha yake.