Usinikatie Kati ya Kuruka na Kutua

Klipu ya baiskeli ikianza kwa droni inayopaa juu ya mawingu, ngoma nzito, na jamaa anafunga helmeti taratibu kama anakwenda vitani, najua nitapunjwa. Ataruka kwenye mwamba, picha itakatwa. Tutamwona hewani kwa upande mwingine, itakatwa tena. Tayari ametua, anacheka. Ametua kweli? Huenda. Mimi sikuona.

Sina ugomvi na picha nzuri. Wapo wanaoamini kwamba ukweli ni kamera kutikisika na upepo kuvuma kwenye maiki. Lakini kamera ya helmeti yenye lenzi pana hulaza mteremko: genge la kutisha linaonekana kama kibarabara cha kwenda sokoni. Picha ghafi nayo hudanganya.

Ninachotaka ni kuona kazi. Mwaka 2009 Danny MacAskill, kijana wa Scotland, alirekodiwa mjini Edinburgh na rafiki aliyekuwa akiishi naye nyumba moja. Video inaanza akijaribu kupita na baiskeli juu ya uzio wa chuma wenye ncha. Anaanguka. Anarudi, anaanguka tena. Hatimaye anapita, nasi tunamwona akipita. Bila yale maanguko, uzio ule ungekuwa pambo tu.

Wanaonibishia hunitajia filamu ya Alex Honnold, mpanda miamba wa Marekani aliyepanda El Capitan kule California bila kamba tarehe 3 Juni 2017, ukuta wa mwamba wa mita 900 hivi, kwa saa karibu nne. Filamu imepigwa msasa haswa, ikachukua Oscar mwaka 2019. Sawa, lakini tazameni ilivyotengenezwa. Wapiga picha wenyewe ni wapandaji, wananing'inia kwenye kamba zao. Penye kipande kigumu kuliko vyote, ambapo lazima arushe mguu wa kushoto hadi ukuta wa pili, waliacha kamera zinazoendeshwa kwa mbali ili asimwone mtu. Na mpiga picha wa chini, aliyeshindwa kutazama akageuza uso, hawakumkata. Mhariri mwoga angemwondoa, eti anaharibu mtiririko. Kumbe yeye ndiye anayenipa kipimo cha hatari, maana ukuta wenyewe kwenye skrini hauna kimo.

Gumu kwangu ni la Half Dome, mwamba mwingine wa kulekule California. Honnold aliupanda bila kamba mwaka 2008, peke yake, hakuna kamera. Baadaye akarudi kurudia baadhi ya sehemu ili zirekodiwe. Wengine wanaita hiyo maigizo. Mimi naikubali: mwamba ni uleule, na ukiteleza hakuna anayekudaka eti kwa sababu unarudia. Ila mtazamaji aambiwe. Andika tu pale chini, "hapa anarudia." Mhariri aliyeweza kubadilisha rangi ya anga nzima hashindwi na maneno mawili.