Nilibusu Chokaa

Najua mmeshaiona. Ile video yangu ya mbio za bonanza la mtaa, hapa Dodoma, imetoka Nkuhungu ikafika Ipagala kabla sijaoga, na aliyeirusha ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana, muuza chipsi, ambaye kuanzia leo namwita jirani. Ila video imekatwa. Inaanza nikiwa tayari nimepiga magoti. Halafu kwenye maelezo kaandika kwamba niliimba wimbo wa Taifa mpaka mwisho. Uongo mtupu. Nilifika neno la pili. Kwa hiyo tulieni, mwenye kidonda ndiyo huyu anasimulia.

Bonanza la mtaa mnalijua: kuvuta kamba, kukimbia na yai, kufukuza kuku. Safari hii kamati ikajikuta ina akili nyingi. Wakasema kwenye mbio kila mkimbiaji avae jina la nchi ya Jumuiya ya Madola, ule umoja wa nchi ambazo nyingi zilitawaliwa na Mwingereza, maana wale ni ndugu wa mezani: walisoma vitabu vilevile na kunywa chai ileile ya maziwa. Droo ikafanyika kwa karatasi ndani ya kofia.

Mdomo wangu ukaanzia hapo kuniponza. Kijana mmoja wa bodaboda kachomoa Rwanda, akalalamika kwamba Rwanda haikutawaliwa na Mwingereza, kwa hiyo amepewa nchi feki. Nikasimama. Hakuna aliyeniuliza, nikasimama tu. Nikamweleza kwamba Rwanda iliingia mwaka 2009, na Msumbiji, aliyetawaliwa na Mreno, aliingia 1995, kwa hiyo akae kimya akimbie. Watu wakatikisa vichwa, nami nikaumuka kama andazi. Zamu yangu ilipofika nikaingiza mkono kwenye kofia, nikatoka na Tanzania. Mita 1500.

Mtu mwenye mdomo kama wangu ukimpa Tanzania na mita 1500, unategemea atalala? Wiki nzima niliwalisha watu Filbert Bayi. Asubuhi kwa muuza maziwa, Bayi. Jioni kwenye chipsi, Bayi. Kwamba tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, Nyuzilandi, kijana wetu wa Tanzania wa miaka 20 alichomoka mwanzo wa mbio akakaa mbele mpaka mwisho, dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Kwamba John Walker, mwenyeji, Mnyuzilandi, alimfukuza mpaka naye akapita chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun ya mwaka 1967, na bado akaambulia medali ya fedha. "Wenzake walikimbia kwa hesabu," nilikuwa nasema huku nachovya chipsi kwenye pilipili. "Bayi alikimbia kwa dharau. Na mimi Jumamosi nakimbia vilevile."

Kwenye utafiti wangu wote huo, kitu kimoja sikukigusa: mita 1500 ni raundi ngapi.

Nyuzilandi ilimwangukia fundi cherehani wa pale kona. Mzee wa Kondoa, kimya, miwani imefungwa kwa uzi. Nilikuwa nimempelekea suruali mbili za kazini azipunguze urefu, nikamwambia, "Shikamoo mzee, Jumamosi usije ukajiumiza." Akanitazama juu ya miwani, pini ziko mdomoni, akasema, "Marahaba, mwanangu." Hayo tu. Nikamwonea huruma. Mimi!

Jumamosi saa nne, uwanja wa shule. Upepo wa Dodoma mnaujua, ukifungua mdomo unafuturu vumbi. Mwalimu wa michezo alikuwa amepima mita 400 kwa kamba akachora mistari ya chokaa, kazi safi kabisa. Tukapangwa upande wa pili wa uwanja, mbali na mstari wa kumalizia. Hilo lingemshtua mtu mwenye akili timamu. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya kivuli.

Filimbi ikalia, nikachomoka.

Jamani, sijisifu, ila kile kipande cha kwanza kiandikwe. Nilipita mbele ya mama zetu waliokaa kwenye mikeka, nikasikia vigelegele, nikaongeza mwendo ambao sikuwa nao. Nilipovuka mstari mara ya kwanza nikahesabu: moja. Wanaojua hesabu mmeshacheka. Ile haikuwa raundi, zilikuwa mita 300 za kuanzia. Lakini nani ana muda wa kupiga hesabu akiwa anaongoza?

Mara ya pili: mbili. Hapo kichomi kimeingia ubavuni, mate yamekuwa mazito kama uji wa uwele. Nyuma yangu kwa mbali nasikia raba za fundi, pa, pa, pa, pa. Hazisogei, hazibaki nyuma. Mwendo wa cherehani kabisa. Nikajiambia, vumilia, bado moja, na Walker naye alisikika hivihivi.

Nikakata kona ya mwisho. Nauona mstari. Na hapo ndipo kengele ikalia.

Twendeni polepole, maana video inaruka sehemu hii. Kengele yenyewe ni ringi kuukuu la lori, limening'inizwa kwenye mwarobaini, anaigonga mwalimu kwa chuma: nge, nge, nge, nge. Mimi nimesoma shule ya msingi miaka saba chini ya ringi kama lile. Kwa miaka saba lilikuwa na maana moja: kusanya daftari, nenda nyumbani. Kwamba kwenye riadha kengele inamwambia anayeongoza "bado raundi moja", hilo hawakutufundisha, au walifundisha siku niliyotoroka.

Nikavuka mstari. Nikanyanyua mikono. Nikafumba macho. Nilipunguza mwendo taratibu, kwa madaha, kama treni inayoingia stesheni, nikageuka nyuma, nikarudi kwenye mstari wangu wa ushindi. Nikapiga magoti. Nikainama. Nikabusu ardhi ya Dodoma.

Sikubusu ardhi. Nilibusu chokaa. Na sikuigusa tu, mtu aliyeshinda hagusi, nilibusu kwa moyo wote, na jasho likafanya kazi yake. Nilipoinuka nilikuwa mweupe kuanzia puani mpaka kidevuni, kama mbuzi aliyeingiza kichwa kwenye gunia la unga. Hapo ndipo nikasema yale maneno mawili ya wimbo wa Taifa. Mawili!

Nasikia pa, pa, pa. Fundi anakuja. Nikajua mzee wa watu anakuja kunipongeza. Nikafungua mikono yote miwili, nikamkumbatia. Nikamshika hasa, wa kumfariji. Anajitikisa, nikadhani analia. Nikamwambia sikioni, "Asante sana mzee, hata wewe umejitahidi."

Naye, kwa sauti ileile ya dukani, akasema, "Mwanangu, niachie. Bado moja."

Nikafumbua macho. Rwanda kapita kushoto, Kenya kapita kulia, Jamaika kapita akicheka hadi anayumba. Uwanja mzima kimya kwa muda ambao mimi nauhesabu kuwa wiki mbili, kisha sauti kwenye spika ikauliza, "Tanzania... Tanzania anafanya nini pale?" Na mikono yangu, nasema kweli tupu, ilikuwa bado imemshikilia Nyuzilandi.

Mengine ni mafupi. Nilimwachia. Nilikimbia. Miguu ilikuwa imeshapewa taarifa kwamba kazi imekwisha, ikagoma kurudi. Fundi akawapita wote kwenye kona ya mwisho akashinda, deni la 1974 likalipwa na cherehani. Mimi nikaingia wa mwisho, nikatapika pembeni ya goli. Nikapewa kipande cha sabuni cha mshiriki, na hiyo sabuni nayo imeanzisha utani wake ambao siurudii hapa.

Kuna waliopiga kelele "Akhwari huyo!" nilipokuwa naingia peke yangu. Nawaomba mkome. John Stephen Akhwari mwaka 1968 kule Mexico alimaliza marathoni na mguu ulioumia umefungwa bandeji. Mzee yule ni heshima ya nchi. Mimi kilichoumia ni mdomo, na nilijiumiza kwa hiari.

Ila aliyenimaliza ni shemeji yangu wa Singida. Huyo hakucheka hata kidogo. Alinisubiri ninawe uso, akanipa taulo, akakaa vizuri kwenye kiti. "Shemeji," akasema, "Simbu, yule mkimbiaji wa marathoni, ni mtoto wa kwetu Singida. Mwaka 2025 pale Tokyo alikimbia kilomita 42, akamkuta Mjerumani mbele yake mlangoni kabisa, akampita kwa sekunde 0.03. Unajua kwa nini?"

Nikamwambia sijui.

"Kwa sababu alijua mstari uko wapi."

Nyumba nzima ikaanguka chini, mpaka mama mkwe, ambaye namheshimu sana, akajifunika khanga usoni mabega yanatetemeka. Mpaka sasa mtoto wangu mdogo akitaka kwenda kucheza anagonga sufuria kwa kijiko mara nne, halafu ananiangalia kuona kama nitapiga magoti.

Sasa wale mnaonitumia ujumbe kuniuliza kama niko sawa: niko sawa, midomo tu imebabuka kidogo. Shida yangu ni moja. Suruali zangu mbili ziko kwa fundi tangu wiki ile, kanitumia salamu kwamba ziko tayari, na kwamba hanidai kitu. Jumatatu nimekwenda kazini na suruali ya harusi. Leo tena. Kama kuna mtu anapita pale kona, akanichukulie, ila asiseme katumwa na nani.